Kipande Nilichokitia Chumvi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Nchelenge. Mheshimiwa mjumbe wa Chifu wetu. Daktari Mkuu wa hospitali hii, pamoja na wauguzi wote. Wachungaji na mapadre. Viongozi wa Mantapala. Ndugu wageni waalikwa mliotoka visiwa vya Chisenga na Kilwa, na ng'ambo ya Pweto. Ba mama wa soko la samaki, ambao najua mmeacha mabeseni yenu kwa jirani na roho haijatulia. Na wewe, Bwana Rodwell Mwaba, uliyeketishwa kwenye kiti cha kitambaa cheupe huku ukitamani sherehe iishe urudi nyumbani: nawasalimu wote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Mulishani mukwai.

Kwa wasionijua, naitwa Emilienne. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne upande wa Pweto mpaka vita vilipotuvusha ziwa. Tangu mwaka 2018 naishi kambi ya wakimbizi ya Mantapala, nalima muhogo, nauza samaki, na siku tatu kwa juma natafsiri hapa hospitalini, Kiswahili kwenda Kibemba, Kibemba kurudi Kiswahili. Leo nasema mimi, na anayegeuza maneno yangu kwa Kibemba ni Dada Chiti, yule anayeshika kazi ya Bwana Rodwell kuanzia Jumatatu. Nilimwomba hivyo kwa makusudi, na mtaelewa kwa nini.

Kamati ilinipa dakika kumi nimsifu mtu anayestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara. Nitamsifu. Lakini sifa yake kubwa kuliko zote siwezi kuitaja bila kutaja kosa langu, na kosa hilo tumelijua watu wawili tu, yeye na mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka miwili na miezi minne, na ningeweza kuendelea nayo, kama Bwana Rodwell asingekuwa anaondoka.

Mtu wa tatu anayepaswa kulijua ameketi safu ya pili, karibu na nguzo. Ni shemeji yangu Michée, mdogo wa marehemu mume wangu. Alivuka ziwa jana kuja kudai kipande cha mwili wa kaka yake kilichobaki kwenye kabati la maabara. Shemeji, karibu. Nikimaliza kusema, huenda usiniite tena mke wa kaka yako, na huenda ukoo ukanifungia mlango mimi na watoto. Hilo nimelifikiri kwa juma zima, nikalia, nikaoga, nikavaa kitenge hiki, nikaja.

Ndugu wageni waalikwa, mume wangu aliitwa Zéphirin. Alikuwa fundi wa kushona nyavu kwenye kambi ya wavuvi ya Chisenga, mtu mpole, mbishi kwa mambo madogo na mwepesi kwa makubwa. Katikati ya mwaka 2022 aliota uvimbe shingoni, chini ya taya, upande wa kushoto. Haukumuuma. Na kwa kuwa haukumuuma, tuliuacha. Watu walisema ni tumbaku, ingawa Zéphirin hakuvuta hata siku moja. Wengine walisema amelogwa na mwenye nyavu aliyegombana naye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha, tuliyaangalia tu kila asubuhi wakati ananyoa ndevu.

Mwezi wa tisa boti ya madaktari ilifika kisiwani. Daktari akaukagua uvimbe, akakata kipande kidogo, akakitia kwenye kikopo cha plastiki chenye maji, akafunga mfuniko. Boti yao ilikuwa inaendelea Kilwa kwa siku nne. Mimi nilikuwa navuka kesho yake na samaki. Basi nikapewa kikopo. Nikaambiwa: peleka maabara Nchelenge, mpe Bwana Rodwell mkononi, usichelewe. Hayo ndiyo maneno yote niliyoambiwa, na kuhusu yale maji sikuambiwa neno.

Upepo ukatukamata. Siku mbili boti haikutoka. Siku ya pili nikaanza kuhofia mzigo wangu, nikafungua kikopo. Ba mama, ninyi mtanielewa. Harufu ilinipiga mpaka machozi yakatoka. Kile kipande kilikuwa kimebadilika rangi, kimekuwa cheupe kama kimechemshwa. Mimi nimeuza samaki miaka mingi; nikiona nyama imebadilika rangi na inanuka, sihitaji daktari kuniambia kinachotokea. Na sisi watu wa ziwa, kitu kikichelewa kufika sokoni tunakiokoa na nini? Bitoyo tunazotuma mpaka Lubumbashi, samaki wanaokaa mwezi mzima bila kuoza, wanakaa kwa nguvu ya nani? Nikamwaga yale maji ziwani. Nikaosha kipande vizuri. Nikakitia chumvi pande zote, nikakianika kidogo kwenye uchanja, nikakirudisha kwenye kikopo kikiwa kikavu. Nilivuka nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilijiona mke mwenye akili.

Bwana Rodwell alifungua kikopo mbele yangu. Akakiangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani, yale maji yako wapi. Nikamweleza kila kitu, tena kwa majivuno. Hakucheka wala hakupandisha sauti. Alinivutia kiti. Akanieleza kwamba yale maji ni dawa iitwayo formalini, na kazi yake ni kuishika kila seli vile vile ilivyokuwa dakika ilipokatwa, isioze, isibadilike. Ile harufu ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Chumvi hufanya kinyume: huvuta maji kutoka ndani ya seli, nazo husinyaa na kubomoka. Alikijaribu hata hivyo, jioni nzima, na hakupata hata sehemu moja ya kusomeka. Ilibidi Zéphirin akatwe mara ya pili.

Daktari wa upasuaji huja hapa mara moja kwa mwezi, na mara ile hakuja kwa wakati. Kutoka kipande cha kwanza mpaka cha pili zilipita siku arobaini na tatu. Mume wangu aliogopa kisu. Aliniuliza, naye akiwa ameanza kumeza chakula kwa taabu: "Emilienne, banataka kunikata tena juu ya nini? Ile ya mbele iko wapi?" Na mimi nikamjibu: "Ilipoteaka." Uongo wangu ulianzia hapo, nyumbani kwangu, kwa mtu aliyenipenda.

Safari hii walikata kwenye tezi ya koo, nyuma ya ulimi, maana huko ndiko ugonjwa ulikoanzia. Bwana Rodwell alikishughulikia kipande kile mwenyewe, katika kile chumba nyuma ya maabara ambacho wengi wenu mnafikiri ni stoo. Alikigandisha ndani ya nta, akakikata kwa mashine ya mkono vipande vyembamba kuliko karatasi ya Biblia, akavipaka rangi, akavituma Ndola kwa daktari asomaye tishu. Majibu yaliporudi aliniita, akaniweka mbele ya hadubini, akaniita mayo, yaani mama, akasema: usiambiwe tu, angalia.

Nikaona. Seli za bluu, zimebanana, nyingi mno, zimekaa makundi makundi, na katikati yao zile chembe ndogo za damu zinazopigana na maradhi. Akanionyesha kipande cha mgonjwa mwingine, mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote. Kile kilikuwa na duara za ngozi ngumu ndani yake, kama magamba. Cha Zéphirin hakikuwa nazo. Kansa mbili, koo moja, sura tofauti. Kisha akanionyesha kipande kilichopakwa rangi ya pili huko Ndola, kimegeuka kahawia chote. Akasema hiyo ni alama kwamba ugonjwa huu umeletwa na virusi.

Nikamwomba anieleze vizuri, maana mwalimu haondoki na neno asilolielewa. Akaniambia kwamba ndani ya kila seli kuna maandishi, ndiyo jeni, na kati ya jeni hizo kuna moja ambayo kazi yake ni ulinzi: seli ikiharibika, inaizuia isizae. Wavuvi, fikirini yule askari wa doria wakati ziwa limefungwa tusivue. Kwa wavuta tumbaku wengi, maandishi ya mlinzi huyo yenyewe yamevunjika, askari amekufa. Kwa ugonjwa wa virusi, mara nyingi maandishi yake ni mazima, hayana kosa. Askari yupo, lakini amefungwa kamba chini ya mtumbwi, na nyavu haramu zinatandazwa juu yake. Ndiyo sababu, akasema, wagonjwa wa aina hii mara nyingi huitikia tiba ya mionzi vizuri zaidi, wakiwahi. Neno hilo "wakiwahi" alilisema akiwa anaangalia meza.

Habari ya virusi ilifika Mantapala kabla yangu, mnajua jinsi habari zinavyosafiri. Wakaanza kusema kwamba mimi ndiye niliyemletea, mwanamke wa kuvuka ziwa kila juma, nani ajuaye analala wapi. Bwana Rodwell alipanda baiskeli mpaka kambini, akasimama mbele ya wanawake wa kanisa, mimi mwenyewe nikitafsiri uso ukiwaka. Akawaambia kwamba karibu kila mtu mzima hukutana na virusi hivi, wengi hupona bila kujua, na kwa wachache hukaa kooni au kwenye kizazi miaka ishirini kabla ya kuleta kansa. Kisha akasema, "Hakuna hadubini inayoonyesha jina la aliyekuletea." Mwaka ule akina mama wengi wa kambi waliwapeleka binti zao kuchanjwa dhidi ya virusi hivyo, na binti yangu Débora alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Zéphirin alifika Lusaka mwezi wa kumi na mbili. Alianza mionzi. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshuka mapafuni. Alifariki tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, mwaka 2023, akazikwa Mantapala.

Baada ya matanga nilikuja hapa, nikamuuliza Bwana Rodwell swali moja. Nilimuuliza kama ni chumvi yangu iliyomuua mume wangu. Ndugu zangu, ningekuwa mimi ningedanganya. Yeye akavua miwani, akasema: "Sijui, mayo. Siku arobaini na tatu ni nyingi. Lakini ugonjwa ulikuwa umefika shingoni kabla hujashika kikopo. Sijui." Nimepewa faraja nyingi na watu wa Mungu, na ninawashukuru. Ile "sijui" ndiyo peke yake niliyoweza kulala nayo.

Sasa, shemeji Michée, nakuja kwako.

Mwezi wa nne mwaka ule ulivuka na wazee watatu wa ukoo. Mlikuwa mmesikia kwamba kipande cha kwanza kilipotea. Mliingia maabara kwa hasira, na mlikuwa na haki. Kwetu mtu hazikwi nusu. Mamba akimkata mvuvi mkono, watu wanautafuta mkono siku tatu kabla ya kufunga kaburi. Na hapa nyama ya kaka yenu imekatwa mara mbili, ya kwanza haijulikani iliko, ya pili iko ndani ya nta. Wewe husemi Kibemba cha kutosha, Bwana Rodwell hasemi Kiswahili. Mtafsiri alikuwa nani? Nilikuwa mimi, nimesimama katikati yenu na kitambaa cha msiba kichwani.

Ulisema, ukimwita kaka yako yaya kama tunavyosema kwetu: "Njo nani aliharibisha nyama ya yaya yangu? Mutu huyu atuambie." Nikaligeuza swali kwa Kibemba, neno kwa neno. Bwana Rodwell akaniangalia. Alikuwa na daftari mkononi, lile aliloandikia hali ya kikopo nilichomletea. Alikuwa na ushahidi. Angeninyooshea kidole tu, na hakuna hata mmoja kati yenu angehitaji mtafsiri. Akasema: "Mwambie kiliharibikia mikononi mwetu. Mwambie tunaomba msamaha."

Na mimi nikatafsiri. Shemeji, niliyageuza maneno yale kwa Kiswahili kizuri cha shuleni, nikayaweka masikioni mwako, nikijua kwamba si kweli, na kwamba kinywa kilichoyasema kwa lugha yako ndicho kinywa cha mwenye kosa. Ndiyo maana leo anayetafsiri ni Dada Chiti, si mimi.

Hakuna aliyepoteza kipande kile. Nilikitia chumvi mimi.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mnajua yaliyofuata, ila hamkujua sababu yake. Barua ya malalamiko iliandikwa. Sokoni Bwana Rodwell alipewa jina la kejeli ambalo sitalirudia mbele ya mkewe. Kisiwani watu walikataa kumpa vipande vya kupima, wakisema huyu ndiye hupoteza nyama za watu, na alipokwenda Kilwa kuwabembeleza alikaa ufukweni tangu asubuhi bila kupewa hata maji. Sikuwahi kumsikia akijitetea. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu kwamba kikopo kilitoka kwa watu wa hospitali bila maelezo, kwa hiyo kosa lilikuwa la hospitali kabla halijawa langu, na kwamba mjane mkimbizi hana ukoo upande huu wa ziwa wa kumsimamia. Kisha akaniomba nimsaidie kuandika karatasi. Mmeziona: kila kikopo kinachotoka hapa leo kina maneno yaliyobandikwa, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, "Maji haya ni dawa. Harufu yake si ya kuoza. Usimwage, usiongeze kitu." Mwandiko wa Kiswahili ni wangu. Nimeyaandika maneno hayo mara mia sita na zaidi, na hakuna kikopo kilichomwagwa tena.

Nieleze sasa habari ya kabati. Wataalamu wa Lusaka wanatafuta vipande kama cha Zéphirin kutoka pande hizi, wasome jeni zake, waone ni maandishi gani yamevunjika kwa watu wetu. Yaliyoandikwa mengi, wanasema, yametoka kwa wagonjwa wa nchi za mbali, na hawana hakika kama ya huku yanafanana. Barua yao ilifika karibu miaka miwili iliyopita, ikiomba ruhusa ya familia. Mimi nikakataa kutia sahihi. Nilikataa kwa sababu kipande kile ni cha pili, na kilikatwa kwa ajili ya kosa langu, na nilijua siwezi kutia sahihi juu yake nikiwa bado nadanganya. Kipande kidogo kama ukucha, hakuna mlinzi mlangoni, mwenye mali ni mkimbizi. Nani angejua kama kingetumwa? Wameandika mara tatu, na mara tatu Bwana Rodwell amewajibu mstari mmoja: mama hajasema.

Leo mama anasema. Karatasi ninayo hapa. Nimetia sahihi asubuhi ya leo, mbele ya Dada Chiti. Wataalamu watakata vipande vyembamba, watasoma, na kitakachobaki ndani ya nta kitarudi. Mimi mwenyewe nitakuita, Michée, tukizike pamoja na mwili wake. Chini ya jina langu kuna mstari wa pili, wa mtu wa ukoo. Nimeuacha wazi. Sina tena haki ya kukushauri uandike nini, wala kukuomba uharakishe. Ukikataa, kipande ni chako, ondoka nacho, na sitasema neno.

Bwana Rodwell, asante kwa hadubini, asante kwa baiskeli mpaka kambini, asante kwa "sijui". Msamaha nilipaswa kukuomba zamani. Nakuomba sasa mbele ya watu wote hawa, kwa sababu ni mbele ya watu wote hawa ulipochafuliwa jina.

Jambo moja limebaki. Siku ile mlipokuwa mnatoka maabara, Bwana Rodwell alikunyooshea mkono, shemeji, na wewe ukautia wako mfukoni. Ulikuwa na haki ya kumnyima mkono mtu aliyeharibu nyama ya kaka yako. Mtu huyo ndiye huyu anayesema. Yule pale hakukukosea kitu, mpe mkono.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.